Kisu cha Salehe Kililala kwa Bibi Kalunde

Salehe alikunywa uji akiwa amesimama. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi.

"Kaa," mkewe Mwaisha alimwambia. "Uji hauna miguu, hautakukimbia."

"Uji hauna miguu, lakini kazi inayo," Salehe alijibu.

Wakacheka. Salehe akachomoa kisu chake kwenye nyasi za paa, akakifuta kwa kiganja, akatoka.

Nyumba yao ilikuwa Morogoro, karibu na mto, mahali maji yanaposhuka kutoka milima ya Uluguru na kuanza kutulia. Zilikuwa zama za Wajerumani. Reli ilikuwa imeshafika mjini, na garimoshi likilia, mbuzi walikata kamba.

Nje alimkuta jirani yao, Bibi Kalunde, amejitwika kikapu cha vitumbua. Bibi Kalunde alikuwa Mnyamwezi. Ujanani alitembea na misafara kutoka Tabora mpaka pwani, yeye na mumewe aliyekuwa kiongozi wa njia. Mume alikufa, misafara ikaisha, naye akabaki Morogoro.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mluguru. Tembea taratibu, huku ni tambarare. Ninyi mmezoea kupanda tu. Mkifika penye usawa mnajikwaa."

"Na wewe shusha hicho kikapu. Misafara imekwisha, nani anakulazimisha kubeba?"

Walikuwa watani. Waluguru na Wanyamwezi walianza kutaniana tangu siku za misafara. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, hata kuondoka na kuku wako. Huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, watu wanakucheka wewe.

Salehe alifanya kazi katika banda la ulanga. Ulanga ni yale mawe yanayong'aa, yanayochimbwa milimani. Wapagazi waliyashusha mpaka mjini. Bandani, wachanaji waliyachana kwa kisu, tabaka baada ya tabaka, kama mtu anayefunua kurasa. Tabaka nzuri ilipitisha mwanga kama kioo. Wazungu walizipeleka kwao, wakazitia kwenye milango ya majiko yao na kwenye mashine zao.

Kazi hiyo haikutaka nguvu. Ilitaka jicho na akili. Mchanaji hulitazama jiwe ubavuni, akatafuta mstari mwembamba kama unywele. Hapo ndipo anapoingiza ncha ya kisu. Akikosea kidogo, tabaka inapasuka na haifai tena. Salehe alikuwa hakosei. Wenzake walisema kisu chake kina macho.

Msimu ule Salehe alikuwa na jambo moja moyoni. Huko juu, upande wa Mgeta, mpwa wake Shamsia alikuwa mwali. Alikuwa ndani, akifundwa na wanawake wa ukoo. Wakati wa kumtoa ulikuwa umekaribia, na mchumba alikuwa anangoja.

Kwa Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto wa dada yako ni wako. Na katika ukoo wa akina Salehe palikuwa na desturi moja. Siku ya kumtoa mwali, mjomba husimama mlangoni na kuyataja majina ya mabibi wa ukoo. Huanza na yule wa kwanza aliyepanda mlima, hushuka mpaka kwa bibi wa karibu. Huyataja yote kwa mpangilio, bila kusaidiwa na mtu. Akiruka jina moja, mlango haufunguliwi. Mwali anakaa ndani mpaka msimu mwingine.

Aliyefundishwa majina hayo alikuwa Salehe peke yake. Mjomba wake, marehemu Mikidadi, alimtembeza milimani tangu utotoni. Kila bibi alikuwa na mahali pake: shamba, jiwe, au kijito. Walifika mahali, wakataja jina, wakaendelea. Hayakuandikwa popote. Yalikaa kichwani mwa Salehe.

Lakini asingeweza kwenda kwao kabla kipande chake hakijajaa. Kipande kilikuwa karatasi ngumu ya mfanyakazi. Kila siku ya kazi iliyokubaliwa ilitiwa alama. Katika banda lile, mtu mwenye kipande ambacho hakijajaa hakupewa ruhusa.

Mnyapara wa banda aliitwa Kasiani. Naye alikuwa Mluguru. Siku moja alimwita Salehe pembeni.

"Nasikia una mwali."

"Ninaye, mnyapara. Nataka niwahi."

"Basi fanya kazi mchana, ufanye na jioni. Taa zipo, mafuta yapo. Mchana alama moja, jioni alama moja. Ila sharti kazi iwe safi. Kazi mbovu haina alama."

Salehe aliona amepata njia ya mkato. Alimweleza Mwaisha huku anacheka.

"Utalala saa ngapi?" Mwaisha aliuliza.

"Nitalala ngomani."

"Ngomani hawalali watu."

"Basi nitalala nikizeeka."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Salehe alitoka nyumbani alfajiri, akarudi watu wamelala. Alama ziliongezeka. Macho yakiwa mazito, alinusa tumbaku, akapiga chafya, akaendelea. Aliwaambia wenzake, "Mwili huu ni wa milimani. Haujui kuchoka."

Kisha vikaanza vitu vidogo vidogo.

Alitia chumvi kwenye uji, akasahau, akatia tena. Alienda mtoni kuoga, akarudi bila kuoga, hajui alifuata nini. Mwaisha alimsimulia habari ya mbuzi wa jirani, naye akaitikia, "Eeh, eeh." Mwaisha alipomuuliza, "Nimesema nini?" aliitikia tena, "Eeh." Zamani Salehe alikuwa mtu wa mzaha. Sasa sufuria ikigongana na mwiko alifoka, kama mtu aliyetukanwa.

"Umechoka, baba," Mwaisha alimwambia.

"Sijachoka. Ningechoka ningejua."

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, dada yake Chausiku, mama yake Shamsia, alishuka kutoka milimani. Alileta mkungu wa ndizi na furushi la mboga. Salehe alikuja nyumbani mbio, akala harakaharaka.

"Kaka," Chausiku alisema, "wazee wamenituma. Wanataka nikusikie kwanza. Nitajie mabibi."

"Hilo tu?" Salehe akafuta mkono, akasimama wima, kama alivyofundishwa. "Kibua, aliyepanda mlima na jembe begani. Mgole, aliyelala kwenye jiwe la radi. Lukonge, aliyezaa mapacha msimu wa nzige..."

Akanyamaza.

Alirudi mwanzo. Kibua. Mgole. Lukonge. Akafika palepale, pakawa peupe. Alitafuta jina kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Aligusa ukuta tu.

Chausiku alikuwa ameyasikia majina yale siku alipotolewa yeye. Alijua palipokosekana jina. Lakini desturi haikumruhusu kumkumbusha mjomba. Alitazama chini.

"Kaka, uliyemwacha ndiye aliyemzaa bibi yetu."

"Namjua!"

"Basi mtaje."

"Mnanisimamia kama askari!" Salehe alipiga teke kigoda, kikaruka mpaka uani. "Mwanamume anatoka kazini, hajapumua, mnamfanyia mtihani!"

Chausiku alikunja taratibu kitambaa alichofungia mboga. Mlangoni aligeuka.

"Shamsia yuko ndani tangu mvua za mwaka jana," alisema. "Ngozi yake imekuwa nyeupe kama mzizi. Kila siku ananiuliza, 'Mjomba anakuja?' Namwambia anakuja. Sasa nikamwambie nini?"

Akaondoka.

Salehe alirudi bandani mbio. Wapagazi walikuwa wameleta jiwe kubwa, safi, ambalo mchanaji hulipata mara chache. Kasiani alimpa Salehe, maana nani mwingine? Salehe aliliinua, akautazama mstari, akaingiza kisu. Macho yalikuwa wazi. Lakini kati ya kuutazama mstari na kusukuma kisu, kulikuwa na kitambo kidogo ambacho hakukiona kikipita. Alipozinduka, jiwe lilikuwa limekatika mapande mawili, hovyo, kama muhogo.

Banda zima likageuka kumtazama.

Kasiani aliokota mapande. "Leo huna alama," alisema. "Na jana jioni hukupata. Na juzi."

"Juzi? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Salehe. Ukaniitikia, 'Eeh, eeh.'"

Salehe alikitazama kipande chake. Kumbe jioni za karibuni alizokesha kwenye taa zilikuwa zinatupwa. Sasa hata mchana wake ulikuwa unaharibika. Alikuwa anakimbia, na kipande hakisogei. Akafikiri: *Basi niongeze bidii. Leo nitachana mpaka taa ya mwisho izimwe.* Akanusa tumbaku.

Jua lilipoelekea kuzama, kengele ililia. Ilikuwa chuma cha reli kilichotundikwa kwenye mti, kikigongwa kwa nyundo. Wafanyakazi wengi walikusanya vitu vyao. Salehe hakuinuka.

Mara akasikia kicheko mlangoni. Bibi Kalunde alikuwa ameingia bandani na kikapu chake kitupu. Ukuta wa mabua uliotenga nyumba zao haukuzuia sauti. Ugomvi wa mchana alikuwa ameusikia wote, na habari ya jiwe wapagazi walikuwa wamempa.

Alikwenda moja kwa moja mpaka alipokaa Salehe, akamnyang'anya kisu, akakitia kwenye kikapu.

"Bibi! Hicho kisu changu!"

"Kilikuwa chako. Sasa ni mateka wangu."

Wafanyakazi wakaangua kicheko. Mchanaji mmoja, Abasi, akapiga makofi. "Fidia yake nini, bibi? Kuku?"

"Kuku wa Mluguru? Amekonda kwa kupanda milima, nitamtafuna nini?" Bibi Kalunde akafunika kikapu. "Fidia yake ni usingizi. Asubuhi atakuja kwangu, nitampa kisu. Kengele ikilia, nakuja kukichukua. Hivyohivyo mpaka nitakapochoka mimi, na Wanyamwezi hatuchoki upesi."

Damu ilimpanda Salehe kichwani. Alitaka kufoka. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama, wanangoja akasirike ili wamcheke mpaka kesho kutwa. Mtani ni mtani. Alimgeukia Kasiani.

"Mnyapara, sema neno!"

Kasiani alifungua mdomo. Bibi Kalunde alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Sema, Kasiani. Wewe si Mluguru pia? Hiyo kofia nimeitamani muda mrefu."

Kasiani akaishika kofia yake kwa mikono miwili. "Salehe," alisema, "nenda nyumbani, ndugu yangu. Mimi simo."

Bibi Kalunde alimtangulia Salehe njiani, kikapu kichwani, hatua zake ndefu bado. Salehe alimfuata kama mbuzi aliyefungwa kamba. Walipofika, alimkalisha barazani kwake. Mwaisha alileta ugali na zile mboga za Chausiku, akaketi karibu. Salehe alikula akiwa amewageuzia bega.

"Umenuna," Bibi Kalunde alisema. "Nuna tu, lakini sikiliza. Siku za misafara tulikuwa na sheria. Tulianza alfajiri, jua likifika kichwani tunatua mizigo. Watu wanapika, wanalala. Ukiona msafara unatembea tena alasiri, ujue maji yako mbali. Hiyo tuliita kuterekeza. Mtu anaterekeza siku moja kwa shida, kisha anapumzika."

"Najua kuterekeza," Salehe alisema.

"Hujui. Mwaka mmoja mume wangu alitaka tufike pwani kabla ya wenzetu. Tukaterekeza kila siku. Watu walikuwa vijana, wana nguvu kama ng'ombe. Miguu haikushindwa. Kilichoanza kushindwa ni hiki." Akagusa paji la uso. "Walipigana kwa ajili ya chumvi kidogo. Mmoja alitua mzigo, akatembea nusu siku akidhani bado anao. Na mume wangu, aliyeijua njia ile kama uwanja wa nyumba yake, alitupeleka mchana kutwa, mpaka jioni tukakuta majivu. Akasema, 'Msafara mwingine umepita hapa.' Nikainama nikaokota kigae. Kilikuwa cha chungu changu. Nilikuwa nimekivunja asubuhi ile."

Mwaisha alishika kidevu. "Mlizunguka?"

"Tulizunguka na kurudi kwenye moto wetu wenyewe. Nikamwonyesha kigae. Akanikatalia! Akasema vyungu vyote vinafanana. Alikuwa mtu mpole, lakini siku ile alitaka kunipiga. Tukaendelea kwenye pori kavu. Wapagazi wawili hatukuwaona tena. Nao walikuwa na mama zao."

Salehe aliweka tonge chini.

"Alikuwa anasinzia?" aliuliza.

"Hapana. Macho yalikuwa wazi, kama yako leo bandani. Akili ilikuwa inalala kidogokidogo, huku macho yanatazama. Ni kitambo cha kupepesa tu. Lakini kinatosha kuipita njia panda. Kinatosha kuharibu jiwe."

"Mimi sijisikii kuchoka, bibi. Kweli kabisa."

"Hapo ndipo ulipo ubaya wake. Mguu ukichoka, unauma. Mgongo ukichoka, unauma. Ubongo ukichoka hauumi. Na wa kukuambia kwamba umechoka ni huohuo ubongo. Sasa atakuambia nani? Atakuambia huyu." Akamwonyesha Mwaisha kwa kidole. "Aliye nje anakuona. Uliye ndani hujioni. Mkeo alikuambia, ukamjibu nini?"

Mwaisha alijibu badala ya Salehe, akiiga sauti ya mumewe: "'Ningechoka ningejua.'"

Hata Salehe alicheka. Alikuwa amesahau sauti ya kicheko chake. Kisha uso ukarudi kuwa mzito.

"Lakini jina, bibi. Jina nililijua tangu sijaota meno ya pili. Limekwenda wapi? Limekufa?"

Bibi Kalunde alifikiri. "Bandani kwenu, kengele ikilia, nani anaingia?"

"Wafagiaji."

"Wanafanya nini?"

"Wanazoa vumbi na makombo. Wanazipanga tabaka tulizochana, kila aina mahali pake."

"Wasipoingia siku nyingi?"

"Tutakosa hata pa kukaa. Tabaka nzuri ya jana utaitafuta, hutaiona. Itakuwa imefukiwa."

"Itakuwa imekufa?"

"Hapana. Imefukiwa tu."

"Umejijibu. Kichwa nacho kina wafagiaji wake. Wanaingia mtu akilala. Wanazoa taka za mchana, wanapanga uliyoyaona na uliyojifunza. Wewe umewafungia mlango. Kila alfajiri unamwaga mawe mapya juu ya makombo ya jana. Halafu unashangaa huoni jina."

Bibi Kalunde hakusoma popote. Aliyasema aliyoyaona kwa macho yake njiani. Leo madaktari waliochunguza ubongo wanasema jambo hilohilo kwa maneno yao: mtu akilala, ubongo hujisafisha na kuyaweka mahali pake mambo ya mchana. Anayefanya kazi saa nyingi mno bila kulala vya kutosha husahau, hukasirika upesi, hukosea, na mara nyingi hajui kwamba anakosea.

"Na tumbaku?" Mwaisha aliuliza. "Anainusa mpaka pua imekuwa nyekundu."

"Tumbaku inafungua macho. Akili haifungui. Leta hapa." Bibi Kalunde akanyoosha mkono, na kikopo cha tumbaku nacho kikaingia kikapuni.

"Basi leo nitalala, kesho nitakuwa mzima," Salehe alisema.

"Ndiyo ninyi! Mnataka kila kitu kwa njia ya mkato. Umejichosha siku nyingi, utapona siku nyingi. Lala leo, lala kesho, lala saa ileile. Na mchana kengele ya chakula ikilia, jinyooshe kivulini hata kidogo. Usilitafute jina. Ukilikimbiza litakimbia."

Salehe alilala kabla panya hawajaanza kutembea darini. Asubuhi alikwenda kuomba kisu chake. Kichwa kilikuwa kizito kuliko jana, naye akadhani amedanganywa. Jioni Bibi Kalunde alikuja, akakichukua. Wafanyakazi walikuwa wameshaanza kumngoja. Abasi aliimba, "Mateka anarudi kifungoni!" Salehe alikitoa mwenyewe, akakitia kikapuni kwa heshima, kama mtu anayelaza mtoto.

Siku zilivyopita, mkono ukatulia. Mstari kwenye jiwe ukaonekana tena bila kutafutwa. Alichana mchana tu, na kila jioni Kasiani alitia alama bila neno. Kipande kilichokwama kikaanza kutembea. Nyumbani sufuria ziligongana, naye hakufoka. Alikiokota kile kigoda uani, akakipiga misumari.

Kasiani aliyatazama hayo yote. Jioni moja alimwaga kikapu cha makombo sakafuni mbele ya wachanaji.

"Haya ni ya nani?" Abasi aliuliza.

"Yenu ninyi mnaobaki na taa," Kasiani alisema. "Ya mchana hayajai hata kofia yangu. Ya jioni ndiyo haya. Mafuta yanateketea, na mawe mazuri yanageuka takataka. Nimemwonyesha Bwana mwenye banda, akaona kwa macho yake. Kuanzia leo taa zimezimwa. Kengele ikilia, kila mtu kwao."

"Mnyapara anaihofia kofia yake!" mmoja akasema, na banda likacheka. Kasiani naye akacheka, lakini taa hazikuwashwa tena.

Asubuhi moja Mwaisha alimpa Salehe uji. Salehe akavuta kigoda, akakaa. Mwaisha alimtazama. Ukungu ulikuwa unapanda mlimani polepole. Salehe alikunywa, akahisi joto kifuani, akautazama ukungu, hafikirii lolote. Na jina likaja lenyewe, kama mgeni wa nyumbani anayeingia bila kubisha hodi.

Hakulitamka. Mahali pa kulitaja palikuwa mlangoni kwa mwali. Lakini machozi yalimtoka, yakaingia kwenye bakuli.

"Baba, nini?"

"Uji," Salehe alisema. "Mtamu."

Kipande kilijaa siku chache kabla ya ngoma. Salehe, Mwaisha na Bibi Kalunde wakaanza kupanda. Njia ilikuwa ya kusimama kama ngazi. Sasa ilikuwa zamu ya Salehe.

"Tembea taratibu, Mnyamwezi. Huku hakuna tambarare."

"Mlima gani huu," Bibi Kalunde alisema akihema. "Mungu alikuwa ameterekeza alipouumba."

Siku ya ngoma uwanja ulijaa. Ngoma zilipigwa mpaka kifua kinatikisika. Kisha zikanyamaza. Salehe alisimama mbele ya mlango uliofungwa. Nyuma ya mlango alisikia shanga zikigusana. Shamsia alikuwa amesimama upande wa pili. Chausiku alisimama kando, mikono ameikunja kifuani, kama mtu mwenye baridi.

"Kibua, aliyepanda mlima na jembe begani," Salehe alisema. "Mgole, aliyelala kwenye jiwe la radi. Lukonge, aliyezaa mapacha msimu wa nzige."

Akavuta pumzi.

"Amesahau!" Bibi Kalunde alipaza sauti kutoka katikati ya watu. Hiyo ilikuwa haki yake ya utani. "Mluguru amesahau! Rudisheni mwali ndani!"

Watu wakacheka. Lakini Chausiku hakucheka. Alifumba macho.

Salehe hakuharakisha. Aliona kijito. Aliona migomba kando yake, na majani yenye umande. Alimwona mjomba Mikidadi amemshika mkono, amesimama, anangoja mtoto ataje.

"Nyange," alisema, "aliyepanda migomba kando ya kijito, na matunda yake tunakula mpaka leo. Nyange, aliyemzaa bibi yetu."

Akataja na bibi mwenyewe, akamaliza. Chausiku alifumbua macho, akapiga kigelegele ambacho kilisikika bonde la pili. Mlango ukafunguliwa.

Shamsia alitoka akipepesa macho kwa mwanga, mafuta yaking'aa mabegani, shanga shingoni. Akapiga magoti mbele ya mjomba wake.

"Nilikuwa nakusikia," alinong'ona. "Ulipovuta pumzi nilitaka kufa."

"Nilikuwa napumzika, mwanangu," Salehe alisema. "Sasa nimejifunza."

Bibi Kalunde alipenya watu, akamfikia. Akatia mkono kwenye kikapu, akatoa kisu na kukiweka kiganjani mwa Salehe.

"Nimechoka kukitunza," alisema. "Kihifadhi mwenyewe. Ila kengele nitakuwa naisikia nikiwa kwangu."

"Na tumbaku yangu?"

"Nilimuuzia Kasiani."

Ngoma zikaanza upya. Watu walicheza mpaka vumbi likafunika miguu. Jua lilipofika kichwani, Mwaisha alimtafuta mumewe uwanjani, hakumwona. Alimkuta nyuma ya nyumba, chini ya migomba, kisu kimechomekwa kwenye shina, kofia usoni, anakoroma.

Chausiku alikuja mbio kumwita mjomba wa mwali kwenye chakula. Mwaisha aliweka kidole kwenye midomo yake.

"Mwache, wifi," alisema. "Chakula hakina miguu."